Drili ya betri kwa fundi wa kazi za kila siku: usinunue namba ya kwenye boksi, nunua mfumo wa betri

#1 Randa_Kali
Habari za kazi wakuu. Swali linarudi kila wiki: "drili gani ya betri ina nguvu?" Na kila wiki majibu ni kutajiana nyutoni mita (Nm, kipimo cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha) zilizochapwa kwenye boksi. Mimi nasema kwa mtu anayeshika drili kutwa nzima, namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Cha kwanza ni betri. Ni ya mfumo gani, inaingia kwenye mashine ngapi nyingine, na miaka 5 ijayo itakuwa bado inatengenezwa? Drili ikifa unanunua mashine tupu bila betri na kazi inaendelea. Mfumo wa betri ukifa, umepoteza chaja, betri na kila mashine iliyokuwa inazitegemea.

Ryobi ONE+ wanatumia mdomo ule ule wa betri tangu 1996. Makita LXT ya 18V ipo tangu 2005. Uthabiti wa namna hiyo ndio thamani ya pesa.

Swali langu: kwa 18V, kazi mchanganyiko za mbao, chuma chepesi na ukuta, mnachagua kwa vigezo gani? Tuongee kwa vipimo, si kwa mapenzi ya rangi.

#2 Uzi_wa_Chuma
Mkuu umeanza vizuri ila umeitupa toki haraka mno. Tatizo si namba, tatizo ni kwamba namba ni mbili na boksi linaonyesha moja.

Kuna toki ngumu na toki laini. Ngumu hupimwa kwenye kiungo cha chuma kwa chuma, pale skrubu inapogota ghafla, kwa hiyo ni kilele cha sekunde moja. Laini ni ile mashine inayoishikilia inapoendelea kuzunguka kwenye mbao. Tazama karatasi za watengenezaji wenyewe: Makita DHP484 ni 54 ngumu na 30 laini. Bosch GSB 18V-55 ni 55 ngumu na 28 laini. Makita DHP486 ni 130 na 65. Ukiona mashine isiyo na jina imeandikwa "80 Nm" bila kusema ni ipi kati ya hizo, chukulia ni ngumu, tena huenda imepimwa wakati mota imekwama kabisa.

Kwa kazi ulizotaja, laini ya 27 hadi 36 inatosha. 60 na kwenda juu ni ya biti za mbao za milimita 25 na zaidi na misumeno ya kikombe (ile ya duara ya kukata matundu makubwa).

#3 DadaSaketi
Naongeza la volti maana linawapoteza wengi. 18V na 20V Max ni kitu kimoja. Ndani kuna seli 5 zimeungwa mfululizo. Kila seli kwa wastani ni volti 3.6, jumla 18. Ikitoka kwenye chaja kila seli iko volti 4 na kitu, jumla inavuka 20. DeWalt wanaiita 20V Max Marekani na 18V XR Ulaya. Ndivyo ilivyo pia 12V Max, ambayo ni seli 3, yaani 10.8.

Na kwa kazi za umeme sijui kwa nini watu wanabeba 18V. Kufunga maboksi, swichi, klipu za waya, mabamba ya usambazaji: 12V inatosha kabisa na inakaa karibu kilo 1. Kazi ya darini mikono juu, tofauti ya nusu kilo utaijua kabla ya saa sita.

#4 Randa_Kali
@DadaSaketi kwa umeme nakubali. Ila ukishaingia 12V una mifumo 2 ya betri na chaja 2. Hapo ile thamani niliyoitaja imegawanyika.

#5 DadaSaketi
Kaka, kuna chaja zinazopokea zote mbili. Bosch Professional wanazo, Milwaukee M12 na M18 pia. Bega lako halina spea.

#6 Bawaba
Naomba kuuliza wakubwa. Mota ya kaboni na ile isiyo na kaboni (brashilesi), kweli tofauti inastahili pesa ya ziada? Kazi yangu ni makabati na milango.

#7 Spea_na_Swichi
Nafungua mashine hizi kila siku, kwa hiyo nitasema upande wa ukarabati.

Mota ya kaboni: umeme unapita kwenye vipande 2 vya kaboni vinavyosuguana na komuteta (pete ya shaba inayozunguka na mota). Vinaisha. Vikifika mstari wa kikomo unabadilisha vyote viwili kwa pamoja, kamwe si kimoja. Angalia kama mashine ina vifuniko vya kaboni pembeni vya kufungua kwa bisibisi bapa. Nyingine lazima upasue bodi nzima, na za bei ya chini sana kaboni zake haziuzwi peke yake, mota nzima inatupwa. Dalili za kaboni kuisha ni cheche kubwa za rangi ya chungwa kwenye matundu ya hewa, na mashine inayowaka ukiigonga kidogo.

Brashilesi: sumaku ziko kwenye rota, koili ziko nje, na saketi yenye transista ndiyo inayogawa umeme kwa zamu. Hakuna cha kusuguana isipokuwa bearingi. Joto ni dogo, na kwa betri ile ile unapata matundu mengi zaidi. Ila saketi ikiungua, mara nyingi inakuja pamoja na swichi kama kipande kimoja, na gharama yake inakaribia mashine tupu mpya.

Kwa makabati, kaboni inatosha. Kwa kutwa nzima, brashilesi.

#8 Uzi_wa_Chuma
@Spea_na_Swichi hapo mwisho napinga kidogo. Hata kwa makabati brashilesi inarudisha pesa, kwa sababu betri ndiyo ghali. Tundu nyingi kwa chaji moja maana yake ni mizunguko michache ya kuchaji kwa kazi ile ile, na seli zinahesabu mizunguko. Pia mashine inakuwa fupi. Ndani ya kabati, urefu wa kutoka nyuma ya mota hadi kwenye taya ni jambo kubwa kuliko toki. Zenye milimita 170 hivi zinaingia mahali ambapo ndefu hailali sawa na skrubu inapigwa mshazari.

#9 Spea_na_Swichi
Urefu nakubali. Hesabu ya mizunguko nitaikubali kwa anayetumia betri 2 kwa zamu kila siku. Kwa anayefunga milango miwili kwa wiki, seli zitazeeka kwa umri kabla hazijazeeka kwa kazi.

#10 Kombe_51
Wakuu heshima. Nina fumbo. Drili ya 18V, brashilesi, betri ya 5.0 Ah (ampea-saa, ujazo wa betri), taa 4 zote za chaji zinawaka. Natoboa bamba la chuma la milimita 3 kwa msumeno wa kikombe wa milimita 51, na ikifika kama nusu ya unene inazima. Unaachia swichi, unabonyeza tena, inaendelea sekunde chache, inazima. Kwenye mbao haina shida kabisa. Betri ni mbovu au drili ni dhaifu?

#11 Uzi_wa_Chuma
Mwendo. Bila hata kuiona, uko gia namba 2.

Kanuni: mizunguko kwa dakika ni mara 318 ya kasi ya kukata, ugawe kwa kipenyo cha biti. Chuma laini ni mita 25 kwa dakika. Kwa kipenyo cha 51: 318 × 25 ÷ 51, ni kama 156. Gia ya 2 inakwenda hadi 2,000. Meno yanasugua badala ya kukata, yanawaka, yanafia hapo hapo, halafu unasukuma zaidi na mota inazidiwa. Weka gia ya 1, bonyeza swichi robo, tia mafuta ya kukatia, na kila baada ya sekunde kadhaa toa msumeno uondoe vumbi la chuma kwenye meno.

Kwa biti ya kawaida ya milimita 10 kanuni hiyo hiyo inakupa karibu 800. Chuma kisichoshika kutu shusha kasi ya kukata hadi mita 10, kwa hiyo karibu 320, na usiruhusu biti isugue bila kukata, uso unakuwa mgumu na hiyo biti imekwisha.

#12 DadaSaketi
Gia inaweza kuwa, lakini mimi naona betri. Taa 4 zinasoma volti wakati mashine imepumzika. Haziambii chochote kuhusu volti chini ya mzigo.

Fanya hesabu. Toki ya 20 Nm kwenye mizunguko 300 kwa dakika ni kama wati 630. Kwa 18V ni ampea 35 kabla ya hasara yoyote, sema 40. Betri ya seli 10 ina safu mbili, kila seli inabeba 20. Seli moja ikichoka, volti yake inaporomoka kwanza, saketi ya ulinzi inaiona na kukata umeme wa betri nzima ingawa zile 9 ziko salama. Kwenye mbao ampea hazifiki huko ndiyo maana hulioni tatizo.

#13 Spea_na_Swichi
Na mimi naweka la tatu: joto la saketi ya mota. Kazi ya mwendo mdogo na mzigo mkubwa ndiyo inayochemsha transista kuliko zote, kwa sababu mota inavuta ampea nyingi na feni inazunguka polepole. @Uzi_wa_Chuma kumwambia abonyeze swichi robo kwa muda mrefu ni kumwongezea hilo hilo. Angalia kwanza matundu ya hewa. Vumbi la jipsamu likishikana na unyevu linaziba kama plasta. Puliza kwa hewa ya kompresa huku mashine ikizunguka bila mzigo, miwani usoni.

Namna ya kutofautisha: ikizima na kukubali kuwaka tena papo hapo, ni ulinzi wa ampea au volti. Ikigoma dakika kadhaa hadi ipoe, ni joto.

#14 Kombe_51
Asanteni. Inakubali papo hapo, lakini baada ya mara tatu nne inagoma kama dakika mbili.

#15 Spea_na_Swichi
Basi umetupa dalili za pande zote mbili.

#16 Mzee_wa_Patasi
Vijana, kabla ya kulaumu mashine, isije ikawa betri imechajiwa nusunusu. Betri inatakiwa imalizwe kabisa ndipo ichajiwe, la sivyo inazoea nusu.

#17 DadaSaketi
Shikamoo mzee. Hiyo ilikuwa sheria ya nikeli-kadimiamu, na ilikuwa na msingi wake: Black & Decker walipotoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961 ilitumia seli hizo, na mashine za betri ziliendelea nazo kwa miongo kadhaa. Lithiamu ni kinyume. Ukiishusha hadi ife unaiumiza, na ikilala miezi chini ya volti 2.5 kwa seli chaja inaweza kuikataa moja kwa moja. Chaji wakati wowote. Ukiihifadhi muda mrefu, iache karibu nusu, mahali pakavu pasipo joto, na uitoe kwenye mashine. Na ikitoka kazini ya moto usiipachike kwenye chaja hapo hapo. Chaja nyingi zitasubiri zenyewe hadi ipoe, zisizo na kipima joto zitaichaji hivyo hivyo na kuifupishia maisha.

#18 Mzee_wa_Patasi
Marahaba binti. Nimekuelewa. Basi nitawaachia mazoea yangu wenye nikeli.

#19 Kamba_na_Timazi
Hakuna aliyemuuliza @Kombe_51 kama betri ni halisi! Betri bandia ni nyingi kuliko drili bandia.

Pima uzito. Seli ya 18650 (ile ya kawaida, milimita 18 kwa 65) ni gramu 45 hivi. Betri ya 5.0 Ah ina seli 10, yaani gramu 450 za seli tupu, kabla ya plastiki, mabati ya kuungia na saketi. Ya kweli inavuka gramu 600. Ikiwa chini ya 500, ndani kuna seli 5 na nafasi tupu.

Pima pia muda. Soma ampea za kutoa kwenye chaja. Chaja ya ampea 3 haiwezi kujaza 5.0 Ah chini ya saa 1 na dakika 40. Ikijaa kwa dakika 40, umeuziwa 2.0 yenye stika ya 5.0.

#20 DadaSaketi
Nasahihisha kidogo kwa faida ya wengine. Seli 5 pekee si ushahidi wa ubandia. Kuna seli kubwa za 21700, milimita 21 kwa 70, gramu 70 hivi kila moja. Betri ya 4.0 Ah yenye seli 5 za aina hiyo ni halali na ni nyepesi. Ila ikiandikwa 5.0 au 6.0, ina umbo la seli 10 na uzito wa seli 5, hapo @Kamba_na_Timazi yuko sahihi.

Na kipimo cha muda kinahitaji kuanza betri ikiwa imekata yenyewe kwenye kazi nyepesi. Ukianza na nusu utaihukumu betri nzuri.

#21 Kamba_na_Timazi
Sawa, nakubali marekebisho. Lakini hii pia inajibu swali la #1: kwenye bajeti ya kati, heri drili ya toki ndogo yenye betri 2 halisi za 4.0 au 5.0 kuliko drili kubwa yenye betri za 1.5 zilizokuja na boksi. Drili ile ile, ukiibadilishia betri ya safu moja ukaweka ya safu mbili, inaongezeka nguvu kwa mkono unaisikia, kwa sababu volti haidondoki sana chini ya mzigo.

#22 Bawaba
Kwa hiyo hata kama toki ni ile ile kwenye karatasi?

#23 Kamba_na_Timazi
Ndiyo. Seli ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa kama miliomu 20. Seli 5 mfululizo ni 100. Vuta ampea 40, unapoteza volti 4 ndani ya betri kabla hazijafika kwenye mota. Safu mbili, unapoteza 2.

Ila usininukuu vibaya: kwa makabati yako beba 2.0 kwenye mashine kwa ajili ya uzito na 5.0 iwe kwenye chaja ikisubiri.

#24 Zege_Gumu
Mmeongea mbao na chuma, ukuta mmeuacha. Ile alama ya nyundo kwenye drili ya kawaida isiwadanganye. Ndani ni sahani 2 za meno zinazopandana na kurukiana. Inafanya tap tap nyingi ndogo, DHP484 inafika 30,000 kwa dakika, lakini kila pigo halina uzito, na nguvu yake inategemea wewe unavyosukuma. Tofali na bloku, biti ya 6 hadi 10, sawa. Zege la nguzo lenye nondo, unaua biti, taya na bega.

SDS-plus, yaani drili ya zege yenye biti za kuchomeka, ina pistoni ya hewa inayorusha nyundo. Kipimo chake ni juli kwa pigo. Hata ndogo ya betri ya juli 1.5 hadi 2 inakimbia kuliko drili yoyote ya nyundo kwenye zege. Kwa hiyo anayefunga anka kila siku: nunua drili ya kawaida isiyo na nyundo, fupi na nyepesi, na SDS tupu ya mfumo ule ule wa betri. Hapo ndipo hoja ya #1 ina maana.

#25 Uzi_wa_Chuma
Nakubali kabisa. Nyundo ya sahani pia inaharibu usahihi. Inahitaji uchezaji wa kwenda mbele na nyuma kwenye ekseli, na uchezaji huo unaonekana kama biti inayoyumba kwenye chuma. Dukani: bana biti ndefu iliyonyooka, zungusha polepole, tazama ncha. Ikichora duara, rudisha.

#26 Bawaba
Taya zikianza kuteleza, kichwa kinabadilishwa au ndiyo mashine mpya?

#27 Spea_na_Swichi
Kinabadilishwa. Toa betri kwanza. Fungua taya hadi mwisho, ndani kuna skrubu ambayo nyuzi zake ni za kinyume: unaizungusha kwa mwelekeo wa saa ndipo ilegee. Wengi wanaikaza hadi kichwa chake kinakatika. Mashine nyingine hazina skrubu hiyo. Kisha weka gia ya 1, bana upande mfupi wa ufunguo wa alen mnene kwenye taya, piga upande mrefu kwa nyundo ya mpira pigo moja la ghafla, kinyume cha saa. Vichwa vya milimita 13 vingi ni nyuzi za nusu inchi, 20 kwa inchi, lakini soma kilichochongwa nyuma ya kichwa cha zamani kabla hujanunua.

Na klachi (pete ya namba nyuma ya kichwa, inayokata mzunguko toki ikifika kikomo): kama kazi ni skrubu tu, anza namba ndogo upande juu hadi kichwa cha skrubu kikae sawa na mbao. Usiendeshe skrubu kwenye alama ya biti, hapo klachi imefungwa na kifundo chako ndicho kinachopokea. Usibadili gia mashine ikizunguka. Uma wa plastiki unaosukuma gia ndio unaoongoza kuvunjika kwenye giaboksi.

#28 Zege_Gumu
Kifundo, umenikumbusha. Mashine yoyote ya toki ya 60 na kuendelea, mkono wa pembeni si pambo. Msumeno wa kikombe ukinasa kwenye nondo au ukingo wa bamba, drili ndiyo inayozunguka. @Kombe_51 unautumia?

#29 Kombe_51
Ndiyo, ninautumia. Nimejaribu gia ya 1 na mafuta: sasa inapita bamba lote, lakini inazima mara moja mwishoni, msumeno unapotoka upande wa pili. Uzito wa betri ni gramu 610.

#30 Uzi_wa_Chuma
Si nilisema gia.

#31 DadaSaketi
Bado inazima, kaka. Azima betri nyingine ya aina hiyo, bamba lile lile, gia ile ile. Ikipita bila kukata, ni seli.

#32 Spea_na_Swichi
Hapo mwishoni meno yanashika ukingo mwembamba unaobaki, toki inaruka ghafla, na ulinzi wa ampea unakata hata kwa betri mpya kabisa. Punguza msukumo likibaki kama nusu milimita, na uangalie biti ya katikati: ikilegea, kikombe kinatoka mshazari na upande mmoja unanasa. Kaza skrubu yake ndogo ya pembeni kabla hujaazima betri ya mtu.

#33 Randa_Kali
@Kombe_51 ukipima kwa betri ya pili weka majibu hapa, pamoja na idadi ya meno ya msumeno kwa inchi. Kwa bamba la milimita 3 hata hilo linaweza kuwa sababu, na hakuna aliyeligusa.